Jinsi ya kufukua makutano ya barabara yaliyozikwa, kwa picha za zamani za angani

Mwanangu wa mwisho ana miaka tisa. Mwezi uliopita tulikuwa tunapita barabara za juu za Ubungo, Dar es Salaam, tuko juu kabisa, upepo unapiga, nikamwambia kwamba pale chini palikuwa na mataa, na foleni yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba ungenunua karanga, maji ya baridi, chaja na jozi mbili za soksi kabla gari halijasogea. Akanitazama kama ninavyomtazama yeye akiniambia ameshapiga mswaki. "Baba, nionyeshe."

Nikamwonyesha usiku uleule, kwenye kompyuta, kwa picha zilizopigwa kutoka juu. Yeye alisinzia baada ya dakika kumi. Mimi nililala saa nane.

Kwa kazi ni mpimaji ardhi. Kwa ulevi ni mfukuaji wa barabara. Napenda hasa makutano ya juu na chini, intachenji kama tunavyoziita mjini, kwa sababu hubomolewa na kujengwa upya kimyakimya na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka yalikuwaje. Wanaoniuliza naanzia wapi ni wengi. Basi nimeandika hatua zangu hapa, na nimezifuata kwa mfano mmoja hasa: Woodbridge, jimbo la New Jersey, Marekani.

Kwa nini huko na si hapa kwetu? Kwanza, Woodbridge ndipo yalipofunguliwa mwaka 1929 makutano ya kwanza Marekani ya aina inayoitwa jani la klova. Pili, New Jersey ina picha za angani za jimbo zima za mwaka 1930, na mtu yeyote anaweza kuzitazama bure kwenye intaneti. Makutano yana mwaka mmoja, na picha ipo. Bahati ya namna hiyo huipati mara mbili. Jifunze pale, kisha urudi nyumbani na mikono iliyozoea.

Neno moja kuhusu jina. Klova ni jani la malisho ya mifugo, lenye vipande vitatu, na vinne kwa mwenye bahati. Halihusiani na karafuu, ingawa nimeshaona mtu akiandika "makutano ya jani la karafuu" na Wapemba wakamcheka wiki nzima.

Jua kwanza umbo linafanyaje kazi

Barabara mbili zinapishana, moja juu ya daraja, nyingine chini. Marekani huendesha upande wa kulia, kwa hiyo shida yao ni kukata kushoto. Kwenye jani la klova dereva hakati kushoto kabisa. Anapita daraja, anatoka kulia, anazunguka kitanzi robo tatu ya duara, anaibukia kwenye barabara nyingine akiwa ameelekea alikotaka. Vitanzi vinne, pembe nne, hakuna taa. Arthur Hale wa Maryland alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1916.

Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaoendesha kushoto tunapaswa kugeuza mambo kichwani kama kwenye kioo. Wasomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo hawana tabu hiyo. Ukisahau kugeuza, utaona rampu, yaani njia inayounganisha barabara moja na nyingine, inaingia ukadhani inatoka, na uchunguzi wako wote utakwenda kinyumenyume.

Ubaya wa umbo hili utausoma kwenye picha zenyewe. Anayetoka kitanzi cha kwanza anaingia barabarani palepale ambapo anayetaka kitanzi cha pili anatoka. Wanasukana kwenye kipande kifupi cha lami, mmoja anaongeza mwendo, mwingine anapunguza. Mwaka 1930 magari yalikuwa machache na ya polepole. Magari yalipoongezeka, ndipo vitanzi vilipoanza kuondolewa kimoja kimoja, na ndiyo maana sisi tuna cha kufukua.

Hatua ya 1: Andika swali moja kwenye karatasi

"Historia ya makutano ya Woodbridge" si swali, ni shimo. Swali ni hili: vitanzi vilikuwa na nusu kipenyo kiasi gani, na viliondolewa kati ya mwaka gani na mwaka gani? Bandika karatasi ukutani. Bila hiyo utajikuta saa saba usiku unatazama viwanja vya besiboli vya mwaka 1954.

Hatua ya 2: Tafuta majina ya zamani

Leo makutano ya Woodbridge ni ya barabara za US 1/9 na New Jersey 35. Ukitafuta nyaraka za mwaka 1929 kwa majina hayo hutaona kitu, maana wakati ule ziliitwa Route 25 na Route 4. Jimbo lilibadilisha namba zake mwaka 1953. Ni sawa na mtu atakayekuja baada ya miaka hamsini kutafuta "Kijazi", jina la leo la barabara za juu za Ubungo, kwenye magazeti ya mwaka 2010, wakati kila konda alikuwa akiita "Ubungo mataa".

Pitia pia ramani za zamani. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ina tovuti ya topoView yenye ramani zake tangu miaka ya 1880, zote bure. Kuna hazina ndogo humo: ramani zilizosahihishwa kwa picha za angani, bila kwenda tena uwanjani, zilichapishwa na mabadiliko yakiwa kwa rangi ya zambarau. Ukiona intachenji ya zambarau juu ya ramani nyeusi, basi ilijengwa baada ya ramani ya kwanza na kabla ya tarehe ya masahihisho iliyoandikwa chini pembeni. Umeshapata fito mbili, yaani tarehe mbili ambazo tukio liko kati yake, kabla hujafungua picha hata moja.

Hatua ya 3: Kusanya picha

Kwa Marekani mimi hupitia milango minne, na kwa mpangilio huu.

Wa kwanza ni tovuti ya jimbo lenyewe. New Jersey inatoa ile ya 1930 na nyingine za miaka ya karibuni kama tabaka unazoweza kuunganisha moja kwa moja kwenye QGIS, programu ya ramani, bila kupakua faili zima. Kwa sisi tunaonunua bando, hilo si jambo dogo.

Wa pili ni EarthExplorer ya USGS. Jiandikishe bure, chora kisanduku kwenye ramani, kisha kwenye orodha ya aina za picha chagua "Aerial Photo Single Frames". Humo mna picha mojamoja kuanzia mwaka 1937. Zimeskaniwa kwa viwango viwili, nukta 400 na nukta 1000 kwa inchi. Tofauti si ya urembo. Kwa picha ya skeli ya 1:20,000, skani ya nukta 1000 inakupa nusu mita ya ardhi kwa kila nukta. Ya 400 inakupa mita moja na robo hivi. Kwa ya kwanza utaona mstari wa kisiwa katikati ya barabara. Kwa ya pili utaona barabara. Tena, usiamini sana kisanduku kinachoonyesha picha imefunika wapi. Pembe zake ni za kukadiria. Pakua na jirani zake.

Wa tatu ni Google Earth Pro ya kompyuta, kitufe cha saa kinachokuonyesha picha za miaka ya nyuma. Wa nne ni tovuti ya Historic Aerials ya NETR, ambayo ina miaka mingi kwa mahali pamoja ingawa picha za bure zimepigwa muhuri wa maandishi juu yake. Mimi huutumia kama menyu ya hoteli: nikijua miaka iliyopo, naenda kuitafuta picha yenyewe kwingine. Kwa California, ongeza maktaba ya chuo kikuu cha Santa Barbara, yenye picha zaidi ya milioni mbili.

Inafaa ujue picha zilipigwa kwa ajili gani. Nyingi za miaka ya 1930 na 1940 zilitoka wizara ya kilimo, iliyotaka kuhakikisha wakulima wanalima ekari walizokubaliana na serikali, si zaidi. Barabara ziliingia picha kwa bahati tu. Ndiyo maana zilipigwa majira ya mazao, miti ikiwa na majani tele, na rampu iliyopita chini ya miti hutaiona.

Hatua ya 4: Tarehe, tarehe, tarehe

Hapa kaa. Kosa la kila anayeanza ni moja: anaona umbo, anafurahi, anaandika mwaka. Umbo ni jambo rahisi. Kazi iko kwenye tarehe.

Anza na ukingo wa picha. Picha kamili ya upimaji ina upana wa inchi tisa kwa tisa, na pembeni utakuta tarehe, kifupi cha mradi, namba ya filamu na namba ya picha. Nyingine zina hata picha ya saa ndogo na kipimo cha mwinuko wa ndege, sindano zikionekana kabisa. Tovuti zinazokuunganishia picha hukata ukingo huo na kuutupa, halafu zinakuandikia "1954". Mwaka huo unaweza kuwa wa ndege, wa kuchapisha, au wa mradi ulioendelea misimu miwili. Ukiweza kuipata picha mama yenye ukingo wake, ipate.

Picha iliyounganishwa ina mtego mwingine. Niliwahi kumtumia rafiki yangu maelezo ya kurasa nne kuhusu kitanzi "kilichojengwa nusu kwa kukosa fedha". Nusu yake ilikuwa na lami safi, nusu ilikuwa majani matupu, na mpaka kati yao umenyooka kama umekatwa kwa rula. Rafiki yangu alijibu kwa mstari mmoja: "Kaka, umekatwa kwa rula." Zilikuwa picha mbili za ndege tofauti, zimeshonwa pamoja. Tangu siku hiyo, nikiona mstari mnyoofu unaokata paa la nyumba, kivuli na barabara kwa pamoja, natafuta mshono kwanza.

Na kwenye Google Earth, ukiona tarehe ya 31 Desemba kwenye picha yenye ukungu, usiipokee. Ni picha za setilaiti za mwaka mzima zilizochanganywa. Hakuna mtu aliyepiga picha siku hiyo ya mkesha.

Picha isiyo na tarehe kabisa inaweza kuhojiwa kwa kivuli. Kwenye latitudo ya New Jersey, saa sita mchana mwishoni mwa Desemba, kivuli cha kitu ni kama mara mbili ya urefu wake. Mwishoni mwa Juni ni chini ya theluthi. Ukijua urefu wa jengo moja tu lililopo hadi leo, unapata majira. Kwa mwaka tumia majengo: shule iliyopo pichani lakini haipo kwenye picha iliyotangulia, tenki la maji lililotoweka.

Ukimaliza, usiandike mwaka mmoja. Andika fito mbili: "kitanzi cha kaskazini mashariki kipo kwenye picha ya tarehe fulani, hakipo kwenye picha ya tarehe fulani." Kati ya fito hizo mbili ndimo lilimo tukio. Kuzisogeza karibu ndiyo kazi iliyobaki.

Hatua ya 5: Igeuze picha kichwa chini

Usicheke. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Picha za kaskazini mwa dunia zikiwekwa kaskazini juu, jua linakuwa upande wa chini na vivuli vinaangukia juu. Ubongo unapinda mambo: tuta linaonekana mfereji, daraja linaonekana handaki. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, nikaapa kwamba barabara fulani ilipita chini kumbe ilipita juu. Zungusha picha hadi vivuli vikuangukie wewe, na kila kitu kitainuka mahali pake.

Ukiwa na picha mbili zinazofuatana kwa namba, una zaidi. Marubani wa upimaji walipiga kila picha ikifunika asilimia 60 ya ile iliyotangulia, kwa makusudi. Ziweke sambamba, tazama kwa stirioskopu, kifaa cha kuona picha mbili kama moja yenye kina, au kwa macho yaliyolegezwa, na daraja litasimama kutoka kwenye karatasi. Mara ya kwanza ilipotokea kwangu, chuoni, nilirudisha kichwa nyuma kwa mshtuko.

Hatua ya 6: Soma udongo kabla ya lami

Kwenye picha nyeusi na nyeupe, udongo uliochimbwa hivi karibuni ni mweupe unaoumiza macho. Saruji mpya ni ya kijivu cheupe. Lami mpya ni nyeusi, ikizeeka inapauka. Nyasi ni kijivu cha kati. Kwa rangi hizo nne tu unaweza kusema ujenzi umefika wapi: matuta hutangulia, kisha nguzo za daraja, kisha sakafu yake, kisha lami. Nguzo zilizosimama peke yake shambani ni zawadi, kwa sababu hukaa katika hali hiyo muda mfupi tu na kukubana fito zako.

Hiyo ni kwa kawaida tu, maana kuna vituko. Los Angeles kuna makutano ya ghorofa nne, ya kwanza ya aina yake duniani, yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufunguliwa yote Septemba 1953. Muundo ulikwisha simama huku barabara za kuufikia hazijamalizika. Mtu anayeona picha ya kipindi hicho bila kujua hilo atadhani magari yamefutwa.

Sasa sogeza macho karibu zaidi. Barabara ya saruji inayotumika ina ukanda mweusi katikati ya kila njia, mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye injini miaka na miaka. Rampu isiyo na ukanda huo haijawahi kupitiwa, au ni mpya kabisa. Rampu yenye ukanda uliopauka na vijistari vya majani kwenye maungio imeachwa. Kwa alama hiyo ndogo nimeweza kusema rampu ipi ilifungwa kwanza, mahali ambapo ramani zote zilichora zote nne kana kwamba ziko hai.

Na kilichobomolewa huacha kovu. Kitanzi kilichoondolewa huonekana miaka mingi baadaye kama mstari wa miti uliopinda bila sababu, bwawa la maji ya mvua lenye umbo la figo, au uzio wa kiwanja unaokata kona kwa upinde. Mipaka ya viwanja hubadilika polepole kuliko lami. Wapimaji wenzangu watanielewa.

Hatua ya 7: Ipe picha mahali pake kwenye ramani

Fungua QGIS, ambayo ni ya bure, ingia kwenye Georeferencer, zana yake ya kuoanisha picha na ramani, weka picha ya zamani na ramani ya leo. Chagua alama zilizokuwepo siku zote: mahali reli inapokata barabara, pembe ya kanisa la zamani, makutano ya mitaa midogo. Usitumie miti, kingo za mito, wala sakafu ya daraja. Kwenye picha ya angani kitu kilichoinuka huegemea nje, mbali na katikati ya picha, na daraja likikuegemea mita tatu, ramani yako yote inaegemea.

Alama tatu zitakupa kosa la sifuri na utajiona fundi. Ni hesabu tu: tatu ndizo zinazohitajika kwa mfumo wa Polynomial 1, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kukusuta. Weka sita au nane, zizunguke makutano pande zote, uone kosa la kweli.

Mtego mmoja unatuhusu hasa sisi wa karibu na ikweta. Ramani nyingi za mtandaoni hutumia Web Mercator, njia ya kuchora dunia kwenye ubapa, ambayo hurefusha umbali kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Dar es Salaam kosa halifiki asilimia moja, hivyo hatuna mazoea ya kuliogopa. New Jersey ni zaidi ya asilimia 30: kitanzi cha mita 45 kitapimika 59. Weka mradi kwenye mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 18 Kaskazini, kabla hujapima chochote.

Hatua ya 8: Pima kitanzi

Chagua kipande cha kitanzi kilicho duara safi. Pima mstari mnyoofu kutoka mwanzo wa upinde hadi mwisho wake, kisha kina cha upinde katikati. Zidisha mstari kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya kina, ongeza nusu ya kina. Mfano: mstari wa mita 60, kina mita 12. 3,600 gawanya kwa 96 ni 37.5, jumlisha 6, nusu kipenyo ni mita 43.5.

Namba hiyo inasema mengi. Kwa nusu kipenyo hicho, barabara ikiwa imeinamishwa vizuri kwenye kona, mwendo salama ni kilomita 40 hivi kwa saa. Anayetoka barabara kuu kwa kilomita 90 anatakiwa apunguze zaidi ya nusu, ndani ya urefu wa rampu unaoweza kuupima palepale kwenye picha. Ukipima na kile kipande cha kusukana kati ya vitanzi viwili, unaelewa kwa nini wahandisi walikuja kuongeza barabara ya pembeni ya kukusanyia magari, au kufuta vitanzi viwili kati ya vinne. Woodbridge yenyewe ilijengwa upya miaka ya 2000, na majani manne hayapo tena.

Hatua ya 9: Tafuta shahidi ambaye si picha

Picha inakwambia kitu kilikuwepo siku ile, saa ile. Haikwambii kilifunguliwa lini, wala kama kilichochorwa ndicho kilichokusudiwa. Marekani ina orodha ya taifa ya madaraja, National Bridge Inventory, inayoweka mwaka wa kujengwa na mwaka wa kujengwa upya kwa madaraja ya barabara za umma. Ilinganishe na fito zako. Daraja la 1962 haliwezi kuwa kwenye picha ya 1957. Likiwepo, mmoja wao amekosea, na mara nyingi ni lebo ya picha. Magazeti ya zamani ya Marekani yapo bure kwenye Chronicling America ya maktaba ya bunge lao, nayo yalipenda sana sherehe za kukata utepe.

Shahidi huyo anahitajika zaidi penye michoro iliyokufa. Nenda Canton, Massachusetts, mahali barabara kuu ya I-95 inapotoka kusini na kukutana na Route 128, barabara inayoizunguka Boston. Umbo la makutano linadai barabara iendelee kaskazini kuelekea Boston. Haiendelei, kuna kipande cha lami kinachoishia porini. Kwa picha peke yake ungesema barabara imebomolewa. Ukweli ni kwamba gavana Francis Sargent alisimamisha ujenzi wa barabara kuu ndani ya duara la Route 128 mwaka 1970, baada ya wakazi kuchachamaa, na kipande kile cha I-95 kikafutwa. Hakikuwahi kuwepo. Rampu zilijengwa kupokea mgeni asiyekuja.

Ukirudi nyumbani

Kwetu picha ni chache, lakini zipo. Baada ya vita kuu ya pili, ndege za jeshi la Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa za makoloni kwa ajili ya ofisi ya upimaji iliyoanzishwa mwaka 1946, na mkusanyiko wake uko kwenye hifadhi ya picha za angani ya NCAP, Edinburgh. Nakala nyingine ziulize idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi, au Survey of Kenya pale Ruaraka. Nenda na barua, na skeli na mwaka unaoutaka umeshaandika. Ukiuliza "picha za zamani" utaambiwa uje kesho.

Kwa miaka ya 1960 na 1970, rudi EarthExplorer na ufungue picha za setilaiti za kijasusi za Marekani zilizoondolewa usiri. Za mradi wa Corona ni za 1960 hadi 1972. Filamu ilishushwa kwa parashuti na kudakwa hewani na ndege. Corona za mwisho zinaonyesha vitu vya mita mbili hivi, kwa hiyo njia moja ya gari inakuwa kama nukta mbili. Hutaona mistari, utaona kama kulikuwa na kipilefti au la. Iliyokwisha skaniwa ni bure. Isiyoskaniwa unailipia dola 30 ndipo waiskani, na wingu wanakupa bila malipo ya ziada. Kagua picha ndogo ya mfano kwanza.

Vivuli navyo vitakusaliti. Dar es Salaam, karibu na mwanzo wa Machi na tarehe 10 ya Oktoba, jua la mchana linasimama utosini. Daraja linakuwa halina kivuli, barabara ya juu na ya chini zinaonekana ziko sakafu moja. Tafuta picha ya Juni au Julai.

Ubungo ni shule nzuri ya kuanzia, kwa sababu tarehe tunazijua. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 20 Machi 2017, na barabara za juu zikafunguliwa tarehe 24 Februari 2021, zikapewa jina la John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki wiki moja kabla. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilizinduliwa Septemba 2018. Fungua Google Earth Pro, rudisha saa nyuma ya 2017, kisha songa mbele picha moja moja huku ukiandika fito zako bila kuchungulia tarehe hizo. Zikikubali, uko tayari kwa Woodbridge.

Mwanangu aliamka asubuhi akauliza kama nimepata wauza soksi. Hawaonekani kwenye picha ya setilaiti. Nilimwonyesha magari: njia ya Morogoro kutoka Kimara, madoa meupe na ya rangi yamebanana mstari mmoja kuelekea mataa, na ng'ambo ya mataa lami tupu. Alihesabu hadi sitini na kitu akachoka, na mstari ulikuwa bado unaendelea nje ya skrini.